Msitu Unaochanua Kabla ya Mvua

Wenzetu wanaoishi Ulaya na nchi nyingine za baridi wana majira wanayoyaita ya kuchipua. Theluji huyeyuka, miti iliyokuwa mitupu hutoa majani na maua, na nyuki waliojikunyata ndani ya mizinga kwa miezi kadhaa hutoka kutafuta chakula. Sisi wa nchi za joto tumezoea kudhani kwamba kwetu majira ya namna hiyo hayapo. Tunahesabu masika, vuli na kiangazi, basi. Lakini yeyote aliyewahi kukaa Unyamwezi mwezi wa Septemba anajua kwamba hata sisi tunayo majira yetu ya kuchipua, nayo yana ajabu moja: huja kabla ya mvua.

Mkoa wa Tabora umelala juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Ifikapo Agosti nyasi zimekwisha kuungua, visima vimeshuka, na vumbi la barabarani limefunika kila kitu. Mgeni akipita wakati huo atasema nchi hii imekufa. Kisha, katikati ya ukavu huo, kabla halijaanguka hata tone moja, msitu wa miombo huanza kubadilika rangi. Huwa mwekundu, mwingine rangi ya shaba, mwingine wa zambarau. Macho ya mgeni hudhani ni majani yanayokauka. La hasha! Ni majani machanga. Mizizi ya miti hiyo huchota unyevu chini kabisa, na maji yaliyohifadhiwa ndani ya mti huyalisha machipukizi wakati binadamu bado anatazama mbingu.

Na pamoja na majani huja maua, na pamoja na maua huja nyuki.

ASUBUHI BUSTANINI

Nilifika katika nyumba moja kusini mwa mji wa Tabora, upande wa kuelekea Sikonge, ambako Kanisa la Moravian lina hospitali na historia ndefu. Mama mwenye nyumba ni mkulima na mfugaji wa nyuki, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alinipokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wanyamwezi, akanipa kiti cha kamba, na kabla sijamaliza chai akaniambia, "Haya mwanangu, twende tukawaone wafanyakazi wangu kabla jua halijawa kali."

Nyumba yake iko ukingoni mwa bonde lenye unyevu, ambalo wenyeji huliita mbuga. Pale amelima bustani anayoimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani: maboga, matango, nyanya, biringanya na bamia. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu, na maua ya maboga yalikuwa yamekwisha kufunguka, manjano na mapana kama vikombe. Tukachuchumaa kando ya tuta. Haikupita muda, nyuki wa kwanza akaingia ndani ya ua, akatoweka kabisa, kisha akatoka amejaa unga wa manjano mwili mzima kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Akajifuta kidogo, akarukia ua la pili.

Mama akanionyesha jambo ambalo wanawake wengi tunaolima maboga hatulitazami. Ua la boga ni la namna mbili. Moja lina kikonyo kirefu chembamba, nalo ni la kiume. La pili limekaa juu ya kiboga kidogo, kama kidole cha mtoto, nalo ni la kike. Ule unga, yaani chavua, sharti utoke katika ua la kiume ufike katika ua la kike, na chavua ya boga ni nzito na ya kunata, upepo hauwezi kuibeba. Lazima apatikane wa kuibeba. Tena muda ni mfupi mno. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga, halifunguki tena. Nyuki asipopita asubuhi ile moja, kiboga huwa cha njano, hunyauka na kuanguka.

"Watu huona viboga vinaanguka wakasema ni jicho la jirani," mama alisema. "Mimi huuliza kwanza: nyuki walikuwa wapi?"

Kwenye nyanya mambo yalikuwa tofauti. Nyuki wa asali walipita bila kusimama sana. Aliyekuja ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye wengi wetu humfukuza kwa ufagio. Alilikumbatia ua la nyanya, akatetemeka na kuvuma kwa nguvu, na chavua ikamwagika tumboni mwake. Chavua ya nyanya na ya biringanya imefungwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo, haitoki vizuri mpaka itikiswe. Nyuki wa asali hajui kuitikisa hivyo. Huyu mweusi anajua. Nilimtazama nikafikiri juu ya kila sahani ya mchuzi niliyokula bila kumshukuru.

Nilikuwa na hofu ya kuumwa. Mama aliniambia, "Tembea polepole, usimzibie njia. Hapa kwenye ua hana ugomvi na wewe, ana safari yake. Ugomvi uko kule mzingani, maana kule ana watoto na chakula." Na kweli, tulikaa saa nzima katikati yao, na hakuna aliyetugusa.

MITI INAYOVUMA

Jua lilipopanda tulitoka bustanini tukafuata njia ya miguu hadi kipande cha msitu kilichobaki kati ya mashamba na mbuga, eneo la kama ekari 3. Methali yetu husema, fuata nyuki ule asali. Siku ile tuliwafuata bila kudai asali, tukitaka tu kujua wanakwenda wapi.

Mti wa kwanza ulikuwa mtundu. Ungenionyesha picha yake nisingeamini kwamba umechanua, kwa maana maua yake ni madogo mno, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na weupe, yamejificha kati ya majani mapya. Mtundu hautambuliwi kwa macho. Hutambuliwa kwa pua, maana unanukia, na kwa masikio. Tulipokaribia nilidhani kuna gari linakuja barabarani. Lilikuwa si gari, ni mti mzima ukivuma.

Mbele kidogo palisimama mninga, ambao kila mpenda samani anaujua kwa mbao zake. Huo haufichi kitu. Ulikuwa karibu hauna majani, umejaa vishada vya maua ya manjano, na chini yake njia imetandikwa maua yaliyoanguka, kana kwamba kuna harusi. Hapo palikuwa na nyuki wa asali, na palikuwa pia na wale nyuki wadogo sana wasiouma, wanaoishi ndani ya matundu ya miti, ambao asali yao yenye uchachu hutumiwa na wengi kama dawa ya kifua.

Mama alinifundisha kutazama miguu. Nyuki anapotoka nyumbani hachanganyi maua ovyo. Katika safari moja hushika aina moja ya ua mpaka atosheke. Ndiyo maana anafaa kuliko mdudu anayerukaruka: chavua ya mtundu huifikisha kwenye mtundu, na ya boga kwenye boga. Akirudi mzingani, miguu yake ya nyuma imebeba vifurushi viwili vya chavua, na ukikaa pembeni, mbali kidogo na mlango wa mzinga, utaona rangi mbalimbali zikiingia: manjano, rangi ya machungwa, nyeupe, kahawia. Ni kama kusimama getini siku ya mnada ukatazama nini kimenunuliwa.

Nao wanaambianaje kwamba mti fulani umechanua? Jambo hilo lilichunguzwa miaka mingi na mtaalamu wa Austria, Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Aligundua kwamba nyuki aliyepata chakula hurudi na kucheza ngoma juu ya sega, gizani, wenzake wakimzunguka na kumgusa. Upande anaoelekea anapotikisa mwili huonyesha njia ikilinganishwa na jua, na urefu wa mtikisiko huonyesha umbali. Basi wenzake hutoka na kuruka moja kwa moja hadi mtini, pengine kilomita 2 au 3. Hakuna anayeficha habari njema ili ale peke yake.

Tukiwa bado chini ya mninga tulisikia mvumo mwingine, mkubwa zaidi, ukipita juu yetu. Lilikuwa bumba la nyuki, maelfu kwa maelfu, likielekea upande wa mizinga. Mama alikaa chini papo hapo, nami nikamfuata. Nyuki wetu wa Afrika hawana tabia ya kukaa mahali penye njaa. Chakula kikiisha huondoka wote, malkia na watumishi wake, wakaacha nyumba tupu. Chakula kikirudi nao hurudi. "Hao wamesikia kwamba mitundu imefunguka," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wakikuta mzinga msafi, watapanga."

DEBORA NA MITI YAKE

Tulipopumzika kivulini mama aliniuliza kama najua maana ya jina Debora. Katika Kiebrania maana yake ni nyuki. Biblia inawataja wanawake wawili wenye jina hilo. Wa kwanza ni yaya wa Rebeka, aliyezikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, kama tusomavyo katika Mwanzo 35. Wa pili ni nabii na mwamuzi wa Israeli, ambaye katika Waamuzi 4 tunamkuta ameketi chini ya mtende wake kati ya Rama na Betheli, na watu wakimpandia ili awaamulie mashauri yao. Wanawake wawili wenye jina la nyuki, na kila mmoja habari yake imefungamana na mti. "Mimi sijui kama mwandishi alikusudia," alisema mama, "lakini mfugaji wa nyuki akisoma hapo hushangai kwamba amefurahi."

Zamani kazi hii katika Unyamwezi ilikuwa ya wanaume. Mizinga ya magogo na ya magome ilitundikwa juu ya miti mirefu, mbali porini, na warina asali walipanda kwa kamba usiku wakiwa na kienge cha moto. Wengine walikaa kambini wiki kadhaa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni angewezaje? Mabadiliko yalikuja na mizinga ya mbao, yenye vijiti vilivyopangwa juu ambavyo kila kimoja hubeba sega lake. Mzinga huo huning'inizwa kwa waya, kimo cha kiuno. Hufunguliwa kwa utaratibu, sega moja baada ya jingine, kwa bomba la moshi, bila kuchoma nyuki na bila kuvunja masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Huko Tabora kipo chuo cha serikali cha ufugaji nyuki, na siku hizi wanawake wanaofuga nyuki karibu na nyumba zao si kitu cha kushangaza.

DAFTARI NA BANI

Sasa nieleze habari ya kile kipande cha msitu, kwa maana nusura nisikikute.

Miaka kadhaa iliyopita mama alihudhuria semina fupi ya ufugaji nyuki. Mwalimu aliwaambia wanunue daftari la shule na kuandika kila wiki nyuki wanatembelea maua gani. Wengi hawakuendelea. Yeye aliendelea. Siku alizokuwa shambani, binti yake wa mwisho alimwandikia. Nimeyaona madaftari hayo. Hayana maneno mengi: tarehe, jina la mti au zao, kisha "wengi", "wachache" au "hakuna". Lakini ukiyasoma mfululizo unaona mwaka mzima wa nyumba ile.

Januari na Februari nyuki wako kwenye mbelewele za mahindi, wakichukua chavua. Machi na Aprili wako kwenye alizeti. Mvua zikielekea mwisho, mti uitwao muba huchanua, na huo ndio unaojaza mizinga kwa ajili ya mavuno makubwa ya katikati ya mwaka. Kisha embe huchanua wakati wa baridi. Lakini kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mvua inyeshe, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna kilichoandikwa isipokuwa bustani ndogo ya mbugani, na juu yake: mtundu, mninga, mtundu, myombo, mtundu. Yote ya kipande kile kile.

Jirani yao mmoja, mtu mwema anayeshirikiana nao katika misiba na sherehe, hulima tumbaku. Majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya jengo liitwalo bani, na bani hula kuni nyingi. Jirani akaomba kununua miti ya ekari zile 3. Fedha aliyoitaja ilitosha kulipa ada ya mwaka wa kwanza ya chuo cha uuguzi, ambako binti yule alikuwa amepata nafasi. Tusimlaumu jirani. Tumbaku imeezeka nyumba nyingi za Tabora na kusomesha watoto wengi. Tusimlaumu pia baba mwenye nyumba, ambaye alitaka kukubali. Mtoto amefaulu, nafasi ipo, fedha iko mlangoni. Mzazi gani asingetaka?

Familia ilikaa kikao jioni tatu. Jioni ya pili mama alileta madaftari, akamwomba mumewe asome mwenyewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mashamba yote ya jirani yamekwisha kufyekwa, na tumbaku haiwapi nyuki chakula, kwa sababu mkulima hukata maua yake ili majani yanenepe. Kipande hiki kikikatwa, nyuki hawatakuwa na chakula mwezi wa tisa. Wasipokuwa na chakula watahama. Wakihama mwezi wa tisa, nani atakuwa kwenye maboga mwezi huo huo, na kwenye alizeti mwezi wa tatu? Hatuuzi miti tu, alisema, tunauza na mbegu za alizeti, na mafuta, na asali, kwa miaka yote ijayo.

Baba alisoma hadi taa ikaisha mafuta. Jioni ya tatu walikubaliana: waliuza miti iliyokauka na kuanguka, wakauza mbuzi wawili, na haikutosha. Nafasi ya chuo ikapita. Binti alibaki nyumbani mwaka mmoja.

Sikumwuliza mama kama alijuta. Aliniambia mwenyewe, akiwa amenipa kisogo, anapanga kuni jikoni. "Kuna asubuhi nilimwona anakoroga uji, wenzake wako darasani, moyo ukaniuma. Siwezi kusema haukuniuma. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama nimemnyima mwanangu haki yake kwa ajili ya wadudu. Lakini msitu ukishaingia ndani ya bani, hautoki."

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Asali ni nzito kuliko maji, ndoo ya lita 20 hubeba kilo 28 hivi, na mnunuzi anayejua kazi yake hununua kwa kilo. Nta nayo iliuzwa. Kilichopungua kilikopwa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nilipofika, binti yule alikuwa akipanga nguo katika sanduku la bati. Alikuwa ameomba tena na kupata nafasi, na safari ilikuwa baada ya wiki mbili. Alinionyesha ukurasa wa mwisho alioandika kwa mkono wake, kisha akamkabidhi daftari mdogo wa kaka yake, mvulana wa darasa la tano, huku akimwonya asiandike "wengi" kabla hajahesabu.

Na jirani? Amepanda mikaratusi ya kwake kwa ajili ya bani. Mikaratusi ikikua huchanua, nao nyuki huipenda. Mama amekwisha kumwambia kwamba atawatuma wafanyakazi wake huko.

SHERIA MBILI ZA MUSA

Katika Kumbukumbu la Torati ziko sheria mbili ambazo mahubiri mengi huziruka. Ya kwanza iko katika sura ya 20. Israeli wanapouzingira mji kwa vita, hata kwa muda mrefu, wanakatazwa kuipiga shoka miti yenye matunda ya kuliwa. Wanaruhusiwa kukata miti mingine kwa ajili ya boma, lakini ule unaowalisha, hapana. Ya pili iko katika sura ya 22. Mtu akikuta kiota njiani, mama akiwa ameatamia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto. Na agizo hili dogo la ndege limefungwa na ahadi ya heri na siku nyingi.

Nadhani sheria hizo zinatufaa sana katika nyumba zetu. Hazikatazi kutumia. Zinakataza kutumia kwa namna inayoua chanzo. Mzinga wa gome, kwa mfano, hutengenezwa kwa kuubandua mti gome lake pande zote, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Mara nyingi mti huo ni muba au miombo, yaani ule ule unaowalisha nyuki tunaowajengea. Tunampa mgeni chumba na kumfungia jiko. Hali kadhalika mrina asali anayechukua kila sega hadi la mwisho amechukua kinda na mama. Mama mwenyeji wangu kila anaporina huwaachia nyuki masega kadhaa ya akiba, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.

Tukumbuke pia nyuki mmoja anavyopata kidogo. Mtumishi wa mzingani huishi kama wiki 6 wakati wa kazi nyingi. Wiki 3 za mwanzo hufanya kazi za ndani: husafisha, hulisha majana, hujenga masega. Zilizobaki hutoka nje kutafuta. Kwa maisha yake yote, asali anayoitengeneza haifiki hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Kijiko unachotia katika uji wa mgonjwa ni umri mzima wa nyuki zaidi ya kumi.

UKITAKA KUANZA NYUMBANI KWAKO

Huhitaji kufuga nyuki ndipo uwafaidi. Mama yeyote mwenye bustani anaweza kuanza na haya:

1. Jua miti yako. Mpwani una mikorosho inayochanua wakati wa kiangazi. Wa Kilimanjaro una kahawa inayogeuka nyeupe baada ya mvua. Wa Dodoma una migunga. Wengi tuna mwembe, mkwaju, mlonge au mparachichi. Andika mwezi ambao kila mmoja unachanua. Ukiona mwezi mtupu, panda mti wa mwezi huo. Na ukiona mti uko peke yake katika mwezi wake, huo usiukate.

2. Kama ni lazima kupiga dawa ya wadudu bustanini, usipige asubuhi maua yakiwa wazi. Piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwao na maua ya maboga yamejifunga. Fuata vipimo vya kwenye chupa, na usiongeze kwa kudhani utapata nguvu zaidi.

3. Wakati wa kiangazi weka sinia pana lenye maji, utie mawe au vijiti vya kukanyagia. Nyuki huhitaji maji ya kunywa na ya kupoza mzinga, nao huzama wakikosa pa kusimama.

4. Ukiweka mizinga, iwe mbali na nyumba, njia na zizi. Wafundishe watoto kutorusha mawe, na mbuzi wasifungwe karibu. Mtu akishambuliwa akimbie, aingie ndani, na akiona shida ya kupumua apelekwe hospitali mara moja.

5. Asali ni chakula kizuri, lakini usimpe mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka 1, hata kumlambisha. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda, na madhara yake ni makubwa.

Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2017 kwamba tarehe 20 Mei ya kila mwaka iwe Siku ya Nyuki Duniani. Ni vema. Lakini nyuki hawasubiri sikukuu. Kesho saa kumi na mbili na nusu ua la boga litafunguka, na kabla ya adhuhuri litajifunga. Toka na kiti chako, ukae pembeni bila kuzuia njia. Kama wana shule siku hiyo, waamshe watoto mapema kidogo, uwape daftari na kalamu, nao wahesabu.